Nyumba Ihamishwe

Siku nyumba yake ilipopigwa X nyekundu, Masunga mwenyewe ndiye aliyemshikia kopo kijana wa kupaka rangi.

Tusimcheke mapema. Mtu yeyote anayekaa kando ya lami pale Dutwa anaijua ndoto ya wenye nyumba za barabarani. Siku moja watakuja vijana wa kampuni ya simu, au ya sabuni, au ya soda, wapake ukuta mzima rangi inayowaka na waandike maneno makubwa, na nyumba ya tofali za udongo igeuke ya kisasa bila mwenyewe kutoa senti. Nyumba ya jirani wa kushoto ilikuwa ya bluu tangu mwaka juzi. Ile ya ng'ambo ya barabara ilikuwa ya njano, ina picha ya msichana anayecheka na simu yake sikioni. Ya Masunga tu ndiyo iliyobaki na rangi ya udongo wake, na jambo hilo lilimuuma kila alipoinua kichwa kutoka kwenye baiskeli aliyokuwa akiitengeneza.

Kwa hiyo kijana mwenye kizibao cha kung'aa aliposhuka garini na kopo lake la rangi, Masunga aliiacha tyubu ya mteja ikitoa mapovu ndani ya karai, akafuta mikono kwenye suruali na kwenda kumlaki.

"Mwadila, kijana! Karibu, karibu sana. Mmechelewa, lakini si neno."

Kijana akasita. Katika kazi hiyo alikuwa amezoea kupokewa kwa matusi, na kule Mwandoya aliwahi kupokewa na mbwa.

"Kwa hiyo mzee umeridhia?"

"Kuridhia! Nawangoja tangu mwaka juzi. Lete kopo nikushikie. Weka kubwa, ionekane na watu wa kwenye basi."

Kijana akavuta mstari wa kwanza, kisha wa pili. Masunga akarudi nyuma, akafumba jicho moja kama afanyavyo anaponyoosha ringi ya baiskeli.

"Mguu wa kulia mfupi. Uongeze." Kijana akauongeza. "Safi! Sasa maandishi yanakuja lini?"

"Maandishi gani?"

"Si ya kampuni?"

Kijana alimtazama, akalitazama gari lililokuwa linamngoja, kisha akachukua kopo lake taratibu. "Mhandisi atapita kukueleza," alisema, na akaondoka mbio kuliko alivyokuja.

Masunga alikaa kwenye kigoda chake akiitazama ile X kwa furaha ambayo hakuwa nayo siku nyingi. Alikuwa bado anaitazama mkewe Kwandu alipotokea sokoni, gunia la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kichwani, na binti yao Precious nyuma yake akichezea simu. Kwandu hakutua gunia. Alisimama tu.

"Baba Precious, ni nini hiki?"

"Mwanzo wa tangazo," alisema Masunga. "Wamenipa nyekundu."

Precious aliinua macho kutoka kwenye simu. Alikuwa msusi, na mjini Bariadi anakosukia watu alishaziona X za kila namna. "Baba," alisema polepole, "hiyo siyo tangazo. Hiyo ni eksi ya bomoabomoa. Umepigwa, mzee wangu."

Alitaka kucheka, na akacheka, hadi alipoyaona macho ya mama yake.

*

Mhandisi alikuja alasiri. Jina lake Elia, kijana mrefu wa sauti ya chini, na jasho lilikuwa linamtoka kabla hajaanza kusema. Alikaribishwa kwenye baraza, akapewa kiti chenye mgongo, na watu wanne wakakaa mbele yake: Masunga, Kwandu, Precious, na bibi Milembe, mama yake Masunga, aliyekuwa amejifunika shuka na kushika fimbo yake kwa mikono miwili.

Elia alieleza vizuri, hilo lazima tumpe. Alisema unajengwa mtaro mkubwa wa maji ya mvua kando ya lami, kutoka sokoni kwenda korongoni. Alisema barabara ina hifadhi yake kisheria, na nyumba hii imo ndani ya hifadhi yote, isipokuwa kitanda cha chumba cha nyuma. Tena imejengwa baada ya hifadhi kuwekwa, kwa hiyo fidia hakuna. Alisema samahani mara nyingi.

"Huo mtaro," alisema Masunga, "hauwezi kupinda kidogo?"

"Maji hayapindi, mzee wangu. Yakipinda yanaingia zahanati."

Zahanati wote waliijua. Masika iliyopita maji yalikuwa yameingia mpaka chumba cha kujifungulia, na mdogo wake Kwandu alijifungulia juu ya meza ya mganga, miguu ya wauguzi ikiwa ndani ya maji. Na katika mkutano wa kijiji uliofuata, aliyesimama juu ya benchi akapiga kelele kuliko wote, akidai mtaro na kusema wakubwa wamelala, alikuwa nani? Alikuwa Masunga. Watu walimpigia makofi. Alirudi nyumbani siku hiyo akitembea kama mgombea.

"Ni mimi niliyeuomba," alisema sasa.

"Wote tuliuomba," alisema Kwandu. "Na mimi bado nautaka. Mdogo wangu ana mimba nyingine." Akamgeukia Elia. "Lakini na nyumba naitaka, baba. Mtoto huyu tulimlaza ndani yake siku hata dirisha halijawekwa. Sasa niseme nini? Nikikataa mtaro namuua mdogo wangu, nikikubali nalala nje."

Elia alitazama viatu vyake. Ofisini kwao walikuwa wamepelekwa semina ya namna ya kuongea na wananchi, na mwalimu wa semina alikuwa amewakataza kabisa neno kubomoa. Kubomoa kunazua ugomvi, alisema, tumieni kuhamisha.

"Mama, hatubomoi," alisema Elia. "Tunachoomba ni kwamba kufikia Jumamosi asubuhi nyumba iwe imehamishwa."

Fimbo ya bibi Milembe ikagonga sakafu. "Amesema nini?"

"Nyumba ihamishwe, bibi."

"Ihamishwe?"

"Ndiyo, bibi. Ihamishwe."

"Yote?"

"Yote, bibi. Samahani sana."

Bibi Milembe akamgeukia mwanawe, uso wake umekunjuka. "Sasa ng'wanawane, unalilia nini? Kijana wa watu hajasema ibomolewe. Amesema ihamishwe. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja! Nyumba yangu ya Mwamapalala ilihama mara mbili, na ya pili nilikuwa na mimba yako. Wanaume walinyanyua paa, wakalibeba kichwani, mimi nyuma yao na chungu changu cha uji. Tulipofika, uji ulikuwa bado wa moto."

Elia hakuelewa hata kidogo. Alichoelewa ni kwamba katika nyumba ya jana mwanamke alilala chini mbele ya gari, na katika nyumba hii bibi anamcheka kwa furaha na kumsogezea sahani ya michembe iliyochemshwa na karanga. Alikula. Akaongezewa. Alipoondoka alikuwa anawaza kwamba ile semina ilikuwa nzuri kuliko alivyodhani.

Kwandu alilingoja gari lipotee. "Mama," alimwambia mkwewe, "ile ya Mwamapalala ilikuwa ya nyasi."

"Nyasi ni nzito kuliko bati. Uliza waliobeba."

"Na kuta?"

"Kuta ni udongo. Udongo uko kila mahali."

"Na kiwanja cha kuliweka hilo paa kiko wapi?"

Hilo la kiwanja, kule Mwamapalala, enzi zile, hapakuwa na mtu wa kuliuliza.

*

Nyuma ya nyumba ya Masunga kulikuwa na ua wa minyaa, na nyuma ya minyaa kulikuwa na eneo la Machibya. Lilikuwa kubwa, na sehemu yake nzuri ilikuwa tupu: nyasi, rundo la tofali alizochoma kwa ajili ya nyumba ya wageni aliyokuwa na ndoto ya kuijenga, na zizi la zamani la ndama lililobaki nguzo tupu tangu ng'ombe wapelekwe malishoni Meatu. Machibya alikuwa mtu mrefu kuliko wote Dutwa. Hati ya eneo lake aliiweka kwenye fremu ya kioo, ikatundikwa sebuleni karibu na picha ya fahali wake.

Masunga alifika asubuhi, amevaa shati lake la kanisani. Machibya alimpokea vizuri, akamketisha kwenye kigoda cha kukamulia, yeye akakaa kwenye kochi. Magoti ya Masunga yakawa karibu na kidevu.

"Umekuja wakati mzuri, fundi," alisema Machibya. "Hebu niangalizie breki ya baiskeli yangu kwanza."

Masunga akaenda kuangalia breki. Akakaza waya, akageuza raba, akajaza upepo tairi zote mbili, na kwa kuwa alikuwa na shida akaifuta hata vumbi. Aliporudi kwenye kigoda mikono yake ilikuwa myeusi, na shati la kanisani lilikuwa na doa la grisi.

"Mzee Machibya, umesikia yaliyonipata."

"Nimesikia. Nimesikia pia kwamba ulimnyooshea mistari." Kochi likatikisika kwa kicheko. Masunga naye akacheka. Mtu akiomba kiwanja hana budi kucheka.

"Naomba kona tu," alisema. "Pale kwenye zizi la zamani. Mpaka nipate pengine."

Kicheko cha Machibya kikaisha. Hakuwa mtu mbaya, na aliyoyasema aliyasema bila hasira. "Unamkumbuka Marcelo, mwenye mashine ya kusaga? Naye aliniomba kona. Akaweka mashine. Mashine ikataka kibanda, akaweka kibanda. Kibanda kikataka mlinzi, akaweka mke. Nilipomwambia sasa inatosha, akanipeleka baraza la ardhi, mimi, mwenye hati! Miaka minne, Masunga, nimekaa kwenye mabenchi ya baraza nasubiri kuitwa jina. Nikikupa wewe, kila mwenye X atakuja na shati la kanisani. Nitamkataa yupi?"

"Mimi si Marcelo."

"Na Marcelo hakuwa Marcelo siku alipokuja." Alisimama, ishara kwamba maongezi yamekwisha. "Kuchimba msingi kwangu, hapana. Tofali hapana, hata moja. Nyumba haijengwi hapa. Nisamehe, jirani. Na asante kwa breki."

Masunga alirudi akizunguka njia ndefu ili watu wa kijiweni wasilione lile doa. Aibu ilikuwa inamwasha masikioni. Kwandu alimngoja mlangoni.

"Amesemaje?"

Sasa, mwanaume mwenye akili angesema ukweli. Masunga alitazama uso wa mkewe, akaona ulivyojiandaa kwa kupigwa, akashindwa.

"Hajakataa moja kwa moja," alisema.

*

Ijumaa asubuhi kikundi cha jembe kilifika kuihamisha nyumba. Hiki ni kikundi cha vijana wanaolima mashamba ya watu kwa zamu, ngoma mbele na majembe nyuma, na kiongozi wao ni Luhaga, mtu mfupi mwenye sauti inayosikika mpaka kwenye ginari ya pamba. Kwandu alikuwa amechemsha gunia zima la michembe lililokuwa la kuuza, kwa sababu kikundi cha jembe hakibebi kitu na njaa. Walikula, wakasifia karanga, wakapanda ukutani wakakata waya na fito zilizolifunga paa kwenye kuta. Lilikuwa paa la mgongo mmoja, bati juu ya miti ya mkaratusi, nalo lilipoachia ukuta lilitoa mlio kama mtu aliyeketi muda mrefu akisimama.

"Sheria ya kikundi mnaijua!" Luhaga alipiga kelele. "Anayeingia chini ya mzigo, anabeba. Hakuna mtalii!"

Ngoma ikalia. Paa likapanda, likayumba, na likasimama juu ya mikono. Watoto wakapiga mayowe. Bibi Milembe, aliyengoja siku hii tangu ujana wake, akaingia chini yake na chungu cha uji kichwani, akakaa katikati kabisa, pale palipokuwa sebule. Yeye peke yake alisamehewa kubeba.

Hapakuwa na njia nyingine ya kutokea ila barabarani. Paa la Masunga likatoka, likashuka tuta, likapanda lami, likaenea upande mpaka upande. Basi la Lamadi likafunga breki. Kondakta akachungulia dirishani, akatazama ile miguu mingi inayotembea chini ya bati.

"Oya! Hiyo nyumba inashusha wapi?"

Abiria walicheka hadi basi likatikisika. Lakini swali lilikuwa zuri, na Luhaga, aliyekuwa mbele, akalipokea.

"Fundi! Kulia au kushoto?"

Masunga alikuwa kona ya nyuma, jasho machoni. "Twendeni kwanza!"

"Twende wapi?"

Ngoma ikanyamaza. Kwandu, aliyekuwa amebeba katikati na akilini ameshayapanga magodoro yao kwenye zizi la Machibya, aligeuza shingo polepole.

"Baba Precious. Ulisema hajakataa."

"Nilisema hajakataa moja kwa moja."

"Alikataaje basi?"

"Alizunguka kidogo, halafu akakataa."

Maneno ambayo Kwandu alimwambia mumewe hapo, katikati ya lami, mikono yake yote miwili ikiwa juu, hatutayaandika. Yalikuwa ya Kisukuma na yalikuwa ya kweli. Precious alicheka mpaka akalia, na alipoanza kulia akagundua kwamba analia kweli, maana nyumba yao ilikuwa juu ya vichwa vyao na haikuwa na pa kwenda. Nyuma yao magari yakaanza kupiga honi.

Ndipo Machibya alipotokea. Alikuwa anatoka benki mjini, amevaa suti, amepanda ile baiskeli yenye breki nzuri, na barabara yake imefungwa na nyumba. "Toeni takataka hii barabarani!" alifoka. "Hamna adabu? Watu wana kazi!"

Mvua haikungoja amalize. Ilikuwa imejikusanya tangu asubuhi upande wa Mwamapalala, na ilishuka yote kwa mara moja, kama inavyoshuka mvua ya kwanza huku kwetu. Abiria waliotoka basini kuchungulia wakakimbilia chini ya bati. Kondakta akakimbilia chini ya bati. Barabara nzima, katika mvua ile, ilikuwa na mahali pamoja tu pakavu, na mtu mmoja tu alikuwa nje yake, suti imemganda mwilini, mkono umeshika baiskeli.

"Ng'wana Limbu!" aliita bibi Milembe kutoka sebuleni kwake. Alimwita kwa jina la baba yake, kama alivyomwita alipokuwa mtoto anayechunga mbuzi. "Ingia ndani, utaugua!"

Machibya alijivuta kidogo. Kisha akalaza baiskeli, akainama, akaingia.

"Anayeingia anabeba!" ilinguruma sauti ya Luhaga.

Na akabeba. Sasa, mtu akiwa mrefu kuliko wote chini ya mzigo, mzigo wote unamjua. Kona ya mbele ya kulia ikaacha mikono ya wafupi ikamwangukia yeye. Mishipa ya shingo ikamsimama.

"Mnakwenda wapi na kitu hiki?" aliuliza, akihema.

"Hatujui," walijibu watu wengi.

"Hamjui!"

"Wewe ndiye uko mbele, mzee," alisema Luhaga kwa heshima. "Sisi tunafuata."

Mvua ilikuwa inapiga bati hadi mtu hajisikii. Machibya alitazama kulia, akatazama kushoto. Na mtu aliyenyeshewa, amechoka, amebeba mzigo asioujua, miguu yake huwa inajua njia moja tu. Akakata kulia, kwenye kichochoro cha minyaa. Paa likamfuata. Ngoma ikalia tena. Geti lake lilikuwa pana, la kupitisha ng'ombe, na alilipiga teke yeye mwenyewe likafunguka.

"Shusheni!" alilia. "Shusheni popote, mikono inakatika!"

Popote ilikuwa zizi la ndama. Nguzo zake zilipokea lile paa kana kwamba zilipimwa. Watu wakashangilia, abiria wakapiga makofi, kondakta akalikumbuka basi lake. Machibya alibaki amesimama chini ya bati, maji yakimtiririka kwenye tai, akigeuka huku na huku kujaribu kuelewa alichokifanya.

"Masunga," alisema mwishowe. "Nilisema msingi hapana."

"Hakuna msingi, mzee."

"Nilisema tofali..."

"Hata moja."

Machibya alikamua tai yake. "Jumapili jioni nitakuja tuongee," alisema, naye hakuwa anacheka.

*

Jumamosi mashine ilikuja. Kwandu aliamka mapema, akaenda kwenye zile kuta zisizo na paa, akafagia sakafu. Alifagia chumba cha nyuma, akafagia sebule, akafagia baraza, akakusanya uchafu na kuutupa. Elia alimkuta ameshika ufagio. Alitazama juu, akaona mbingu.

"Mama, paa liko wapi?"

"Si ulisema ihamishwe?"

Elia akafikiri, na kidogo kidogo akaelewa, na aibu ikamshika. "Nilikuwa na maana ya..." Hakumaliza. Alivua kofia yake ngumu, akakaa nayo mkononi muda wote ambao kijiko cha mashine kilisukuma ule ukuta wenye X. Mguu wa kulia, ule ulioongezwa, ndio ulioanguka mwisho. Masunga hakutaka kulia mbele ya watu, lakini alilia.

Na huko kwenye zizi la ndama maisha yakaanza. Kuta hazikuwepo, ila bibi Milembe alikuwa amechukua fimbo yake na kuzichora zote ardhini kama zilivyokuwa: chumba cha nyuma, chumba cha mbele, sebule, na nafasi ya mlango upande wa jua kuzama. Alizilinda kwa ukali. Precious alipokatiza kwenda kuchota maji alirudishwa.

"Umepita ukutani, wewe! Zunguka."

"Bibi, jamani, ukuta uko wapi?"

"Umesimama juu yake."

Precious akazunguka. Kufikia Jumapili hata kuku walikuwa wanazunguka, au ndivyo Masunga alivyoapa. Walicheka sana siku hizo mbili, kicheko cha watu wasiolala usingizi, na kila mlio wa geti ulikikata. Walijua kwamba mwenye hati akisema waondoke, hakuna sheria wala ngoma itakayowabakiza, na kwamba atakuwa na haki.

Jioni Machibya alikuja. Alikuwa amejiandaa, maneno yake yalianza na Marcelo na yaliisha na baraza la ardhi. Alitokea upande wa nyumba yake, akakata nyasi moja kwa moja, akasimama hatua chache kutoka mahali walipokaa wote wanne wakila matobolwa ya viazi. Walimwona, naye aliwaona, na katikati yao hapakuwa na kitu.

"Hodi," alisema hata hivyo, kwa mazoea.

Bibi Milembe aliinua mkono kumzuia. "Ng'wana Limbu, hapo umesimama ukutani. Mlango uko huku."

Kwandu alifumba macho. Masunga aliacha kutafuna.

Machibya aliinamisha uso, akauona mstari kwenye vumbi, na ncha za viatu vyake zikiwa zimeukanyaga. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akaufuata mstari mpaka kona, akageuka na kona, akaja mpaka pale mstari ulipoachwa wazi. Hapo akasimama tena.

"Hodi."

"Karibu ndani, baba," alisema Kwandu.

Naye, kwa kuwa alikuwa mtu mrefu na alishagonga vizingiti vingi maishani, aliinama kidogo, akaingia.

Alipewa kigoda. Magoti yake yakafika karibu na kidevu. Alikula matobolwa, na hotuba ya Marcelo ikamkwama mahali fulani katikati ya viazi. Aliposema, alisema mengine.

"Tutaandikishana kwa mwenyekiti. Eneo ni langu, na linabaki langu. Mwakani pamba ikishauzwa, mtakuwa mmepata kiwanja chenu."

"Tutaandikishana," alisema Masunga upesi.

"Na nitaleta baiskeli za watoto wangu. Zote."

"Zilete, mzee. Zote."

Machibya akanawa, akasimama, akatazama upande ule mvua ilikopigia Ijumaa. Akaunyooshea kidole ule ukuta aliokuwa ameukanyaga.

"Huu ukuta unapitisha mvua," alisema. "Kesho mje mchukue tofali pale kwenye rundo."

"Ulisema tofali hapana," alisema Precious, na mama yake akamfinya.

"Nilikataa nyumba isijengwe hapa," alisema Machibya. "Hii nimeikuta imeshajengwa."

Akaaga, akainama tena, na akatoka kwa kupitia mlangoni.